Mtahini Akisinzia, Umefaulu

Alhamisi, 5 Februari

Nimefaulu! Nadharia, yaani. Mtihani wa maandishi wa leseni ya ufundi wa majokofu na viyoyozi nimeupita kama kisu cha moto kwenye siagi. Swali la joto na shinikizo nililijibu mpaka nikaomba karatasi ya nyongeza. Msimamizi alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani ni heshima.

Doa moja: Injinia naye kafaulu.

Injinia ni binamu yangu, mtoto wa Shangazi wa kumzaa. Si injinia. Alienda kozi fupi, akarudi na kofia ngumu ya manjano, na tangu siku hiyo hajaivua hata mezani. Mama yake humwambia kwamba dari ya nyumba hii haijawahi kumwangukia mtu. Yeye hujibu kwamba ajali haina kinga, na huku anakula.

Sasa mambo yamekuwa mambo. Goti la Shangazi limeikataa ngazi kabisa. Leseni yake inaisha mwisho wa mwezi na hataki kuihuisha, na karakana yake haiwezi kufungua mlango bila fundi mwenye leseni. Leo jioni katoa tamko, kikombe mkononi. Leseni ya kwanza kuingia nyumba hii ndiyo itakayopewa ufunguo wa karakana. Atakayebaki atakuwa msaidizi, au akatafute riziki kwingine. Injinia akauliza kama damu siku hizi haihesabiwi. Shangazi akasema damu haijui kuchomelea bomba.

Nampenda Shangazi.

Kwangu mimi hata usaidizi haupo. Mama ameshanitafutia nafasi ya kufundisha fizikia katika shule ya bweni, kwa mkono wa rafiki yake. Anasema shahada si ya kupandia ngazi za watu. Nikikosa leseni, Machi naanza kazi. Sketi mbili ndefu za kijivu zimeshashonwa. Zinaning'inia nyuma ya mlango wa chumba changu kama posa iliyokwisha kujibiwa.

Sina ugomvi na walimu. Ila mwanafunzi akiharibika huwezi kumfungua kwa bisibisi.

Ijumaa, 6 Februari

Nimeijua siri! Naandika mbio, mwandiko utanisamehe.

Nilikwenda ofisi ya leseni kuchukua tarehe ya mtihani wa vitendo. Utaratibu ni huu: kila mtahiniwa anaonyesha kiyoyozi alichokifunga kwa mikono yake, mahali ambapo watu wanafanya kazi kweli. Mtahini anakuja, anakagua, anaketi chini yake, anauliza maswali, anaondoka. Mtahini ni mmoja tu, mzee mmoja ambaye mafundi wote wanamwogopa kama jino bovu. Hapokei chai. Hapendi kusifiwa. Hacheki.

Karani wa dirishani ni mtu wa maneno. Nikamsifia kalamu yake. Akaniinamia kwenye kitundu cha kioo, akanong'ona:

"Yule mzee akisinzia tu, jua umefaulu."

Nikamwomba afafanue. Akasema kila fundi anajua. Mzee ameishi maisha yake yote katika joto na makelele ya mashine, kwa hiyo mwili wake ndio kipimo. Chumba kikipoa sawasawa, mashine isipopiga kelele, maji yasipodondoka, usingizi unamchukua kama mtoto aliyenyonya. Karani mwenyewe hajawahi kumwona akisinzia, lakini amesikia kwa watu wa kuaminika.

Yaani ni usingizi tu! Wenzangu wanakesha na vitabu, kumbe leseni iko kwenye kope za mzee. Niligeuka kutoka nikiwa nimejawa na furaha kiasi kwamba pua yangu ilijigonga kwenye kitu kigumu cha manjano.

Alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Kasikia kila neno.

Yeye mtihani wake Jumatano, kwenye duka la kinyozi. Mimi Alhamisi.

Jumamosi, 7 Februari

Leo nimekagua silaha zangu.

Kiyoyozi changu kiko kwa Mama Cherehani, fundi nguo, mlango wa pili kutoka karakana. Nilikifunga mwezi uliopita, mwanzo mwisho, Shangazi akiwa amekaa chini kwenye ndoo akinirushia maneno. Mama Cherehani anashona magauni ya maharusi na hataki tone la jasho liguse satini. Chumba ni kidogo: meza ya kukatia, cherehani mbili, kioo kirefu, na sanamu isiyo na kichwa iliyovishwa gauni jeupe lenye mkia mrefu kuliko baadhi ya ndoa. Harusi ni Jumamosi ijayo. Mkasi wake wa kitambaa unaning'inia ukutani, na ole wake atakayekatia karatasi. Binti yake alikatia uzi wa nailoni siku moja. Mpaka leo wanasalimiana kwa mkato.

Nikawasha. Nikasimama nje kwenye mashine, mkono juu ya bomba la shaba, nikangoja.

Niseme ukweli hapa, maana hakuna anayesoma. Baada ya kuwasha kuna kitambo kidogo ambapo bomba linakuwa bomba tu. Halafu linapoa. Halafu linaanza kutoa jasho, vitone vidogo vidogo, kana kwamba limekumbuka jambo. Joto la chumba kizima linakupita mkononi likienda nje, na wewe ndiye uliyelionyesha njia. Sijawahi kumwambia mtu jinsi ninavyojisikia wakati huo. Wangeniuliza naolewa lini.

Kisha nikaingia ndani, na nikausikia. Mluzi. Mwembamba, wa juu, kama mbu aliyesoma muziki. Fiii. Fiii.

Hapo mzee hapati usingizi hata umpige nyundo.

Shangazi alipita, akasimama mlangoni na fimbo yake, akasikiliza. Akasema skrubu ya feni imelegea, nipande niikaze. Akaenda zake.

Nimelifikiria jambo hilo kwa kina. Skrubu ni jibu la haraka mno. Mluzi ni mawimbi, na mawimbi yana tabia zake. Nitalala nalo.

Jumapili, 8 Februari

Siku ya majaribio. Sayansi bila majaribio ni umbea.

Nilihitaji watu wa kusinzia. Nikaanza na Mama. Nikamketisha chini ya kiyoyozi, nikageuka kukiwasha, nikasikia anakoroma. Kiyoyozi kilikuwa bado hakijawaka. Jaribio limefutwa.

Wa pili, Mama Cherehani mwenyewe. Huyu alianza kufagia. Nikamwomba atulie, ajifanye mzee mwenye uchovu. Akasema yeye ni mzee mwenye uchovu, na ndiyo sababu anafagia, kwa kuwa hakuna mwingine wa kufagia. Nikaondoka kwenye mada.

Wa tatu nilikuwa mimi. Sikusinzia kwa sababu nilikuwa nikijichunguza kama ninasinzia.

Nimegundua kasoro: kiti. Stuli ya fundi nguo haina mgongo. Na Injinia ana nini? Ana kiti cha kinyozi! Kinapanda, kinashuka, kinalala chali, kina pa kuegeshea kichwa. Huu si ushindani tena, huu ni unyang'anyi.

Mchana nikaenda gereji ya jirani. Fundi magari ana gari lililopigwa nyuma, halitatembea tena duniani, lakini kiti chake cha mbele hakina hata kovu. Kinaegemea kwa kishikio. Kina mkanda wake. Nikakibeba kichwani barabara nzima, watu wakinipisha. Mmoja akauliza gari liko wapi. Nikamwambia linakuja.

Nimekiweka juu ya mbao mbili, chini kabisa ya kiyoyozi, pembeni ya gauni. Kinapendeza. Chumba sasa kinafanana na gari la harusi.

Jumatatu, 9 Februari

Mluzi umekufa!

Nilifikiria mawimbi mpaka nikachoka, kisha macho yakaangukia gunia la Mama Cherehani, pamba ya kujazia mito. Pamba! Adui wa kila sauti! Nikafunua uso wa kiyoyozi, nikaondoa chujio la vumbi, nikatandaza pamba nyuma yake vizuri, tabaka juu ya tabaka, nikafunga. Nikawasha.

Kimya. Kimya cha maktaba. Nilisikia moyo wangu. Nilisikia Mama Cherehani akitafuta gunia lake.

Niliwasha kwa kitambo tu nikazima, kwa vile umeme wa jirani si wa kuchezea. Kilikuwa kimya na kilikuwa baridi. Ungetaka nini zaidi?

Nikakutana na Injinia kwenye lango la nyumba, kabeba mto mpya chini ya kwapa, foronya yenye maua. Nikamuuliza wa nini. Akasema wa kwake. Naye akaniuliza mbona nina pamba kwenye nywele. Nikasema mitindo. Tukatazamana kama majogoo wawili kwenye tenga moja, tukaingia ndani kula.

Jumatano, 11 Februari

Siku ya mtihani wa Injinia. Nimekwenda kupeleleza, na nimerudi bila nywele.

Mpango ulikuwa safi. Duka la kinyozi lina viti viwili. Kimoja ni cha mzee. Nikakalia cha pili kama mteja wa kawaida, nikamwambia kinyozi apunguze kidogo, taratibu, asiwe na haraka. Kosa langu ni kwamba mzee alichelewa. Kinyozi alimaliza. Nikamwambia aendelee. Akaendelea. Mzee alipoingia, kinyozi alikuwa akiniuliza kwa wasiwasi kama aendelee na kitu gani.

Mtahini ni mwembamba, mkavu, kavaa sweta katika joto hili, na kipimajoto kinaning'inia shingoni kwa uzi. Akazunguka nje, akarudi. Akatazama juu, akatazama ukutani. Akaandika kidogo. Injinia akamkaribisha kwenye kiti, akamlaza chali, akamsogezea mto wa maua. Mimi niko pale na shuka la kinyozi shingoni, kichwa kinang'aa, nahesabu pumzi za watu.

Na mzee akalala! Macho kwanza, kisha kidevu, kisha mdomo. Akakoroma! Kwa ukomavu, kama mashine iliyotiwa mafuta. Injinia alisimama katikati ya duka, mikono juu, akicheza bila muziki. Akanipungia kofia. Ndiyo, aliivua. Mara ya kwanza.

Nimeshuka moyo. Jioni kajipitisha mbele ya mlango wangu akisema kwa sauti kwamba shule za bweni zina hewa nzuri. Nikamwambia ngoma ikivuma sana hupasuka. Akasema hiyo si ngoma, ni mkoromo.

Basi vita ni vita. Kesho mzee hatasinzia tu, atatembea ndotoni. Nimeongeza pamba. Na nina silaha ya mwisho: hadithi ya goti. Shangazi akianza kusimulia goti lake lilivyoanza, hakuna kiumbe kilichowahi kufika mwisho kikiwa macho. Nitamwalika kama mgeni, kisha nimuulize tu hali.

Alhamisi, 12 Februari

Sijui nianzie wapi.

Nilikiwasha kiyoyozi asubuhi na mapema ili chumba kiwe tayari. Kimya kilikuwa cha ajabu. Mama Cherehani alisema mbona baridi haimfikii kwenye meza ya kukatia. Nikamwambia baridi nzuri haina pupa.

Mzee akaja. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakitazama kichwa changu. Akauliza kama hatukuonana jana. Nikasema watu wanafanana. Akazunguka nje, akagusa waya, akagusa bomba, akafuata mpira wa kutolea maji mpaka mwisho wake. Akaingia, akakiona kiti. Akaketi, na kwa mazoea ya mtu aliyepanda magari mengi, akavuta mkanda akajifunga. Klik.

Nikavuta kishikio. Akaegemea. Kope zikashuka, naapa, zikashuka nusu! Nikamwuliza Shangazi, mgeni wangu aliyekuwa kwenye stuli, goti linaendeleaje.

Shangazi akaanza. Goti lilianza na mlio, akasema, mlio kama wa karanga. Mzee akafungua macho. Akauliza la kulia au la kushoto. La kushoto. Naye lake la kushoto! Akajaribu kuinuka kumwonyesha linapouma, mkanda ukamrudisha. Wakaanza kulinganisha ngazi walizopanda, dari walizotambaa, dawa za kuchua. Sijawahi kumwona Shangazi akicheka vile. Mzee yuko macho kama jogoo wa alfajiri. Mimi nasimama hapo kama shahidi wa posa.

Ndipo tone la kwanza likaanguka.

Likaangukia kwenye pua yake. Akalifuta. Likaja la pili. Nikatazama juu. Midomo ya kiyoyozi imejaa kitu cheupe. Barafu! Jiwe zima la barafu, limevimba mpaka limesukuma kifuniko, na sasa pembeni linayeyuka, na maji hayaendi kwenye mpira, yanakuja kwetu.

Mama Cherehani akaliona gauni. Alipiga kelele moja fupi, kisha kila mtu akawa anafanya kitu. Mzee alikuwa karibu zaidi, akaikumbatia sanamu, gauni na mkia wake, akaisogeza mbali na maji kadiri mkanda ulivyomruhusu. Akataka kutoka. Kitufe cha mkanda hakibonyezeki. Gari lile lilipigwa nyuma, na sasa nimejua kiti kiliumia wapi. Shangazi akamshikia beseni juu ya kichwa. Picha ni hii: mtahini wa leseni, kafungwa kwenye kiti cha gari, kamkumbatia bibi harusi asiye na kichwa, mvua inanyesha ndani ya nyumba.

Na nani akaingia? Kofia ya manjano. Alikuwa dirishani muda wote. Akatangaza kwamba gesi imekwisha, barafu ni dalili, iongezwe gesi haraka. Akapanda ngazi yangu na bisibisi mkononi ili alibandue lile jiwe.

Hapo kuna kitu kilinishika. Sikufikiria leseni, naapa. Niliona ile bisibisi na nyuma ya barafu nikaziona koili, mabomba ya baridi ya ndani, nyembamba kama majani, na gesi yote ndani yake. Nikamvuta mguu.

"Shuka. Ukigusa hapo umeiua," nikamwambia. "Gesi haijaisha."

Akashuka kwa kasi kuliko alivyokusudia. Kofia ikamtoka, ikaanguka mdomo juu, chini ya kiyoyozi, na ikaanza kupokea maji. Kwa mara ya kwanza ina kazi.

Maji yakawa yanalia ndani ya kofia. Kisha sauti ikatoka chini ya beseni, tulivu kabisa:

"Fundi, eleza."

Hilo neno. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Na mimi nikiulizwa swali ninalolipenda sijui kujizuia, ni ugonjwa. Nikaeleza. Nikazima mashine ya nje, nikaacha feni ya ndani peke yake, ili barafu iyeyuke taratibu bila kuguswa na chuma. Nikaleta geji, nikamsomea kipimo ilipokuwa imezimwa na kutulia: gesi ipo, yote. Nikasema barafu inakuja pale baridi inapokosa joto la kumeza. Hewa ya chumba haipiti kwenye koili, baridi inabaki palepale inajila yenyewe. Kwa hiyo, nikasema, nikiwa nimenyoosha kidole kabisa, kuna kitu kimeziba hewa.

"Kitu gani?"

"Pamba."

Akachungulia kutoka chini ya beseni.

"Umejuaje, na bado hujafungua?"

Jibu alikuwa nalo Mama Cherehani. Alisema kwa huzuni kwamba analitafuta gunia lake tangu Jumatatu.

Nikapanda. Nikatoa pamba, tabaka juu ya tabaka, imelowa kama kondoo. Ilitoka nyingi kuliko nilivyokumbuka. Barafu ikaisha polepole, nikasafisha njia ya maji, maji yakarudi kwenye mpira wake. Nikawasha. Hewa ikashuka, safi, mpaka meza ya kukatia. Na mluzi ukarudi. Fiii.

Mzee akainua nyusi. Sikuwa na la kupoteza. Nikachukua bisibisi ya Injinia, nikaikaza skrubu ya feni. Ikazunguka robo tu.

Kimya. Cha kweli safari hii, kile chenye upepo ndani yake. Kwa dirisha niliona bomba la shaba nje linaanza kutoa jasho. Nikalitazama, nikasahau kuna watu.

Kilichobaki kilikuwa ni kumtoa mtahini. Fundi magari alikuwa hayupo. Mama Cherehani alizunguka kiti mara kadhaa, akautazama mkanda, akalitazama gauni ambalo halikupata hata tone. Kisha akaenda ukutani, akashusha mkasi wa kitambaa. Binti yake, aliyekuwa kwenye cherehani ya pili, alifunika mdomo. Akakata mkanda kwa mkupuo mmoja, akaufuta mkasi kwenye kanga yake, akaurudisha ukutani.

Mzee akaondoka akiwa amelowa mabega. Hakusinzia hata ukope mmoja.

Ijumaa, 13 Februari

Nimejaribu sketi. Inanitosha vizuri sana. Hilo ndilo linaloniumiza.

Mama kaniambia nimependeza, hata kichwa kinaonekana cha kisomi. Nimetembea chumbani nikifundisha ukuta. Ukuta haukuelewa sheria ya kwanza, tukasonga mbele.

Injinia anapima upana wa mlango wa karakana. Anataka kibao kipya chenye jina lake. Shangazi kamuuliza jina gani, lile alilompa yeye au lile alilojipa.

Jumatatu, 16 Februari

NIMEPATA!

Nitulie. Niandike kama mtu.

Tulikwenda sote ofisi ya leseni: Injinia mbele, mimi nyuma, Shangazi na fimbo katikati kama polisi wa amani. Karani akachungulia mafaili. Akampa Injinia pole, akanipa mimi kadi. Kadi! Ina picha yangu ya zamani, nikiwa na nywele. Nikamwomba aangalie tena asije akawa amebadilisha. Akaangalia. Yangu.

Injinia alikuwa kakauka. Na bahati mbaya yake, mzee mwenyewe alitokea mlango wa nyuma, sweta kavu. Injinia akamfuata. Akasema, kwa uchungu wa kweli, mpaka nikamhurumia:

"Mzee, kwangu si ulikoroma?"

Mzee akakubali bila aibu. Akasema waya wa ardhi haukufungwa, na mpira wa maji ulikuwa unamwagia ukuta wa jirani. Aliviona vyote viwili kabla hajaketi.

"Nilikuwa nimemaliza kazi," akasema. "Kilichobaki kilikuwa kiti, na kiti kilikuwa kizuri. Mimi husinzia pasipo na la kutazama."

Kisha akanigeukia. Akasema kwangu hakupata nafasi hata ya kupiga miayo. Akasema katika miaka yake ameona mafundi wengi wakiongeza gesi, na wachache mno wakimzuia mtu kuiongeza. Akamuuliza Shangazi habari za goti. Walizungumza mpaka karani akafunga dirisha.

Nimerudi nyumbani na kadi ndani ya soksi ili isidondoke.

Jumanne, 17 Februari

Ufunguo ni wangu! Shangazi kanikabidhi asubuhi, akaniambia maneno machache tu. Ningekaza ile skrubu siku aliyoniambia, akasema, ningeipata leseni hii nikiwa mkavu na nywele zangu kichwani. Nikamwitikia ndiyo, Shangazi. Sikutaka kumvunja moyo siku kama ya leo. Haoni picha nzima.

Mama amezipunguza sketi, zimekuwa aproni mbili za kazi. Kazishona mwenyewe na kuziwekea mifuko ya spana. Niliingia chooni nikalia kidogo.

Injinia ni msaidizi wangu. Anaitikia vizuri. Amefunga waya wa ardhi wa kinyozi, na amekubali kuvua kofia wakati wa kula.

Sasa ya mbele. Kuna leseni ya daraja la juu, ya vyumba vikubwa vya baridi. Mtahini ni yuleyule. Nimekaa nikatafakari kwa kina, na kila kitu kimekuwa wazi kama kioo. Karani alikosea kabisa! Mzee akisinzia, umeanguka. Anafaulisha wale wanaomweka macho. Na kilichomweka macho kwangu ni nini? Mafuriko. Yaani mimi, kwa kipaji tu, bila kujua, nilifanya sawasawa. Nilichokosa ni ukubwa.

Nimeomba chumba cha baridi cha bucha ya barabara ya pili. Mlango ni mzito, feni ni nne, mabomba yanazunguka ukuta mzima. Injinia ameanza kulegeza skrubu, nami nachora ni hitilafu ipi itangulie na ipi ifuate, ili mzee asipate nafasi ya kupepesa jicho tangu aingie mpaka atoke.

Mwenye bucha alituchungulia, akauliza kwa upole kama nyama yake itakuwa salama. Nikamwonyesha kadi. Nikamwambia asiwe na shaka hata kidogo, iko mikononi mwa fundi mwenye leseni.